Nafasi ya Muanaidi

Nyie watoto mnaokuja barazani kwangu na simu mkononi, mnaniwekea sikioni kabla hata ya salamu, "Bibi Anchia, sikiliza wimbo wetu, utatoka?" Leo nawajibu wote kwa mpigo, maana kujibu mmoja mmoja kumenichosha. Kwanza, salimieni. Salamu haili salio. Pili, sijui kama utatoka. Nimeimba tangu sijavunja ungo hadi magoti yaliponikatalia, wimbo wetu umekaa juu kabisa ya parada ya redio, na bado nikiletewa wimbo mpya siwezi kukwambia utafika wapi. Anayekwambia anajua, huyo anataka kitu kwako.

Nimesema magoti, sikusema koo. Koo langu zima, muulizeni yule muuza samaki anayependa kunipunja. Lakini kuimba kwetu sisi ni kazi ya magoti, na hilo hamtalikuta humo kwenye simu zenu.

Tulikuwa wanawake wanne wa mtaa wa Milamba, hapa hapa Mocímboa. Zainabo ndiye aliyeongoza, na sauti yake ilikuwa ya kukufanya uteremshe sufuria ukasikilize. Rábia aliimba juu, sauti nyembamba, maneno mengi. Mimi nilikaa chini kabisa. Na katikati, sauti ya pili, alikuwa Muanaidi. Sauti ya pili haisifiwi na mtu. Watu wanarudi harusini wanasema Zainabo kaimba, hawajui kwamba bila Muanaidi Zainabo angekuwa anapiga kelele tu peke yake. Muanaidi mwenyewe hakujali. Yeye alijali uimbe sawa, na ukikosea hakusemi, anakufinya. Mpaka leo nina alama hapa ubavuni.

Tuliimba soul. Msicheke, nawaona mnavyotazamana. Mume wa Zainabo alikuwa fundi redio. Watu walileta redio za kaseti kutengenezwa, ndani yake mkakutwa kaseti, na wengine hawakurudi tena kuzichukua. Zainabo akawa anazisikiliza akipika. Siku moja akatuita mbio. Kuna Wamarekani weusi wanaimba, mmoja anatoa neno, wenzake nyuma wanalipokea, wanalivuta, wanalilia mpaka basi. Tulisikiliza mpaka wali ukaungua. Rábia akasema, "Jamani, hawa si ndio sisi, ila wamevaa viatu?"

Tukaipeleka kaseti kwa Bi Sifa. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi letu la tufo, aliyetufunda tangu wadogo. Tufo mnaijua: wanawake wamepiga magoti kwa safu, kapulana, yaani kanga zetu, za sare, mabega yanakwenda, matari yanalia. Bi Sifa akasikiliza kaseti nzima, mwiko mkononi. Halafu akasema, "Hawa wamefundwa na mwanamke mkali." Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa kuliko zote. Kisha akaamuru, "Wekeni matari chini, muimbe hivyo hivyo. Tuone nani siku zote alikuwa anajificha nyuma ya tari." Nilikuwa mimi.

Basi tukafunzwa upya. Hatukuimba tumesimama hata siku moja. Tulipiga magoti kwenye mkeka mmoja, bega limeshika bega, maana Bi Sifa alisema sikio lina majivuno, linapenda kujisikiliza lenyewe, lakini bega la jirani litakwambia anavuta pumzi saa ngapi na wewe uvute naye. Nyie mnajiziba masikio kwa vile vipira vyenu, kila mtu na wake, halafu mnaniuliza kwa nini hamwendi pamoja. Ombeni mkeka. Na ukiwa sauti ya chini, usipaze. Sauti ya chini si ya kusikiwa, ni ya kumfanya mtu atulie alipokaa bila kujua kwa nini. Kabla ya kuimba kunywa uji wa moto mwepesi. Soda baridi ni ya baada ya harusi, na iwe ya bwana harusi.

Halafu kulikuwa na mtihani wa jikoni. Kwenye harusi, Bi Sifa hakukaa mbele na wageni. Alikwenda nyuma kwa wanaopika. Kama wale mama wa pilau, katikati ya moshi na kelele za sufuria, hawakushika maneno ya wimbo, tulirudia wiki nzima.

Na alikuwa na sheria moja ambayo wageni hawaijui. Ishikeni, maana ndiyo iliyotutia matatani. Katika kundi lake, mwimbaji akifa, nafasi yake kwenye wimbo huachwa tupu mpaka arobaini ipite. Wenzake wakifika kwenye maneno yake wanafunga midomo, wimbo unapita pale bila mtu. Lakini kama yuko safarini tu, au kajifungua, au kagombana na mumewe amekimbilia kwao, nafasi yake inapigiwa makofi. Maneno yake yanapigwa kwa viganja, pa-papapa-pa, ijulikane kwamba mwenyewe yupo na atarudi. Kimya cha aliyekufa, makofi ya msafiri. Mtu yeyote wa Milamba akisikia anajua, hahitaji kuuliza.

Ngoja kwanza niwaambie ya televisheni, nisije nikasahau, maana ndiyo inayonichekesha mpaka leo nikiwa peke yangu.

Walikuja watu na kamera zao, wanatafuta utamaduni. Wakasema wamesikia kuna wanawake wanaimba soul kwa magoti. Sisi tukaona hii si ya kufanyia mchezo. Tukasaga msiro, ule mti wetu wa urembo, toka asubuhi, tukajipaka uso mzima, mnene, si ule wa kulalia, ule wa bibi harusi. Weupe tupu. Kumbe wenye kamera nao wana mambo yao, mara jua liko upande huu, mara kuku apite, mara asipite. Tukakaa juani tumepiga magoti mpaka msiro ukakauka ukawa ukuta. Wakasema haya, imbeni. Zainabo akafungua kinywa kwa ile "aaa" yake ndefu, uso ukapasuka vipande, kimoja kikamwingia mdomoni, akakohoa. Rábia hakuweza kufungua meno kabisa, akawa anaimba kwa pua kama mbuzi aliyefungwa. Muanaidi akatutazama, akatazama tena, akaanguka ubavu kwenye mkeka kwa kucheka. Na wale jamaa, walipoonyesha kipindi chao, wimbo wote wameukata, wamebakiza kicheko cha Muanaidi tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Televisheni. Kwa hiyo nyie mkienda kurekodi video, usoni pakeni kidogo, mdomo uachwe huru.

Siku ya kukimbia, vita ilipoingia mjini, siielezi. Kila mmoja wenu ana yake na inamtosha. Nasema hili tu: Muanaidi alikuwa ameondoka alfajiri na samaki wakavu, anakwenda kuuza Awasse. Sisi watatu kila mmoja alishika njia yake, tukaja kukutana Pemba, hii yetu ya Msumbiji, si kile kisiwa, nyumbani kwa dada yake Zainabo. Muanaidi hakuja. Tuliuliza kila aliyetokea njia ya Awasse. Mmoja kamwona, mwingine kamwona, kumbe si yeye. Bi Sifa alifia huko huko ugenini, Mungu amrehemu, na kwenye arobaini yake tulinyamaza nafasi yake kama alivyotufunza. Ya Muanaidi tulipiga makofi.

Tukarudi Mocímboa watu waliporudi. Tukaanza tena kuitwa harusini, maana watu hawaachi kuoana. Wengine wakatushauri tutafute sauti ya pili nyingine. Wakatuletea binti, sauti tamu, adabu zake nzuri, hana kosa maskini. Mimi nikafungua kinywa nikatae, Zainabo alikuwa ameshakataa. Rábia akampa yule binti kapulana ya kumpoza, binti akaenda zake.

Kwenye harusi mojawapo ndipo alipotuona Nelinho. Kijana wa Nampula, alikuja na kazi za umeme Palma kwenye mambo ya gesi, kazi zilipoisha akashukia hapa Mocímboa. Alikuwa na chumba nyuma ya ghala moja karibu na bandari, kuta zote kabandika trei za mayai, humo anarekodi vijana. Harusini alikuwa anakodisha spika. Ni fundi, mniskize vizuri, sitaki mtu amseme vibaya kwa hili nitakalowaambia. Tulipomaliza akanijia, akaniita tia, yaani shangazi kwa Kireno.

"Tia, kuna mahali mnapiga makofi tu, hamwimbi. Kwa nini?"

"Pana mtu pale."

Akageuka kutazama. "Yuko wapi?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunapiga makofi."

Akavua kofia yake, akasema, "Vamos gravar, tia. Turekodi."

Wimbo wenyewe uliitwa "Nimekuwekea". Zainabo aliutunga zamani kwa ajili ya mumewe, aliyekuwa anachelewa chakula cha mchana kwa redio za watu. Zainabo anaanza, nimekuwekea wali, nimekuwekea mchuzi wa nazi. Mimi na Rábia tunajibu, nimekuwekea. Halafu tunaacha, na Muanaidi anaingia peke yake, taratibu, bila kupaza: "Usifunike, niko njiani." Basi. Ni maneno hayo tu, lakini harusini watu walikuwa wanayangoja hayo.

Nelinho akatueleza habari za parada. Nyie mnahesabu mara mlizotazamwa kwenye simu. Sisi, kila Jumamosi mchana, redio ya hapa ilitaja nyimbo zilizopendwa wiki hiyo kwa ujumbe na simu za wasikilizaji, kuanzia ya kumi kupanda juu. "Ukiwa wa kwanza, tia, unapigwa kila siku baada ya habari za mchana, wiki nzima. Awasse wanasikia, Palma wanasikia, na hewa ikitulia hata ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania, wanasikia."

Wallahi mimi umaarufu sikuwahi kuutamani, unaleta wageni wasioaga. Lakini siku ile niliutaka uwe wa kwanza kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliwaza, popote alipo Muanaidi, kama yu hai, kuna redio ya mtu karibu naye inasema. Atasikia makofi. Atajua tunamngoja.

Siku ya kurekodi, Nelinho alitupanga wima, kila mmoja na maikrofoni yake, kila mmoja kona yake, vifaa masikioni. Tulisimama pale kama watu wanaongoja chapa, kile kibasi cha abiria. Zainabo akaanza juu mno, Rábia akamkimbiza, mimi nikabaki nyuma sijui niende na nani. Tukajaribu na kujaribu. Zainabo akavua vile vya masikioni, akakaa chini akalia, "Sijui nyie mko wapi." Nikamwambia Nelinho, mwanangu, teremsha vyuma vyako hivi mpaka huku chini. Rábia akatandika mkeka. Tukapiga magoti, bega kwa bega, na kwenye nafasi ya Muanaidi tukapiga makofi kwa nguvu zote. Nelinho alikuwa anakunja uso kila tukipiga, nikadhani ni hisia.

Baada ya siku kadhaa akatuita. "Nimeusafisha, tia. Umekuwa safi kabisa." Akafungulia spika zile kubwa za harusi. Mtume! Hatukuamini ni sisi. Tukapiga magoti pale pale sakafuni tukaanza kuimba pamoja na spika, na ilipofika nafasi ya Muanaidi tukapiga makofi. Nelinho akainama kidogo, mkono kifuani, akashukuru, "Obrigado, obrigado." Alidhani tunampongeza. Ikafika mara ya pili, tukapiga tena, akainama tena. Tukamwona kijana mwenye adabu sana.

Wimbo ukaingia parada, ya kumi. Tukatoka kuutafutia kura. Mimi nilishika bomba la maji, anayeteka maji kwanza atume ujumbe. Zainabo alishika wateja wa mumewe, redio haitengenezwi mpaka mwenyewe apige simu. Rábia alichukua simu za wakwe zake wote, na wakwe zake ni wengi, akaketi nazo mapajani kama muuza simu. Ukapanda. Wavulana wa pikipiki wakawa wanaupiga. Kule bandarini, kwenye kuteremsha samaki, ukawa unasikika toka asubuhi. Na kila ulipopigwa redioni, popote nilipo, mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nina unga mikononi, napiga. Nimeshika kisu na samaki, naviweka chini napiga. Zainabo vivyo hivyo, Rábia vivyo hivyo.

Sasa tazameni watu tulivyo wajinga kwa mazoea yetu.

Siku moja mama mmoja wa mtaa wa pili kaja kwangu, kajifunika, kabeba kibakuli cha mchele. Kaketi. Kavuta pumzi. "Poleni na msiba, mwenzangu."

"Msiba gani?"

"Si huu wa Muanaidi. Mmetuficha, lakini tumesikia redioni."

Nikamwambia redioni kuna makofi. Akanitazama kwa huruma, vile mnavyomtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Nikaingia ndani nikatoa redio, tukangoja. Wimbo ukaja. Yule mama akanishika mikono yote miwili, akaikamata kweli kweli. Zainabo akaimba, tukaitika nimekuwekea, halafu kimya. Kimya kitupu, bila hata mkwaruzo. Halafu Zainabo akaendelea.

Nelinho alikuwa amesafisha makofi yote. Kwake yeye ilikuwa ni kelele inayopasua maikrofoni, na fundi yeyote angetoa. Na sisi, kila tuliposikiliza, tulipiga wenyewe juu yake tusisikie. Ulimwengu mzima ulikuwa umesikia kwamba Muanaidi kafa, isipokuwa sisi watatu.

Na habari mbaya zaidi ilifuata kinywani mwa yule yule mama. Mamake Muanaidi, aliyekuwa akiishi Palma kwa mwanawe wa kiume, ameweka msiba.

Tukapanda chapa siku ile ile. Tukawakuta wanawake wamekaa mikekani uani, na mama wa watu ndani, kajifunika kapulana nyeupe. Hakulia. Alinitazama mimi.

"Anchia. Mmemwona wapi?"

"Hatujamwona, mama."

"Basi mmemnyamazia kwa nini?" Sauti ilikuwa ndogo, nilisogea kuisikia. "Watu waliniambia mapema nisome hitima, nikawakatalia. Nikasema, wale watoto wa Sifa bado wanapiga makofi. Siku wakiacha ndipo nitaamini. Sasa mmeacha."

Tukamweleza. Zainabo akaeleza habari za mashine, Rábia akaapa, mimi nikashika miguu yake. Tukampigia yale makofi pale pale chumbani. Akatikisa kichwa. Alidhani tumejua jambo na sasa tunamwonea huruma. "Hapa mnanibembeleza," akasema. "Kama ni kweli, mkaseme kule kule mliposemea." Hitima ilikuwa imepangwa Jumapili.

Mimi nina hasira za karibu, mnajua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtengenezea Nelinho maneno. Nilipomfikia nikayamwaga yote. Akashika kichwa. "Nimeyafuta, tia. Hayapo tena popote." Akasema ataenda redioni waache kuupiga. Rábia akasema ndiyo, uondolewe leo hii. Lakini Zainabo akasema, "Ukiondolewa, watakuwa wamesikia kimya, wasisikie makofi milele. Anayeshika nafasi ya kwanza si anaitwa kuongea hewani Jumamosi? Basi tuwe wa kwanza."

Wakati huo tulikuwa wa pili. Juu yetu kulikuwa na kijana mmoja anayeimba kwamba ana gari. Wiki ile tuliomba kura kwa wimbo ambao hatuwezi kuusikiliza. Nilikuwa nasimama bombani, redio ikianza naziba masikio, wimbo ukiisha nazibua, namwambia anayefuata, "Umetuma? Wimbo mzuri sana, tuma." Wakadhani kweli nimechanganyikiwa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile katika maisha yangu ya kuimba.

Jumamosi tukatajwa wa kwanza. Mnataka kujua mtu anajisikiaje? Mimi nilikuwa nahesabu saa zilizobaki kabla ya hitima. Tukaingia chumba cha redio, kidogo, meza moja, maikrofoni moja. Mtangazaji, kijana wa heshima zake, akatukaribisha, akatuuliza siri ya mafanikio. Rábia akatandika mkeka.

"Mama, hapa ni kuongea tu," mtangazaji akasema huku akicheka kwa wasiwasi. "Kuimba hatuna vifaa vyake."

Nelinho, aliyekuja nyuma yetu, alifungua ile maikrofoni mezani, akaishusha, akapiga magoti naye, akaishika kwa mkono wake mbele yetu. Zainabo akasema hewani, "Wimbo mlioupenda una kosa, na leo tunalirekebisha." Tukaimba. Na ilipofika pale, tukapiga. Si makofi ya harusi yale, tulipiga mpaka viganja vikawaka. Fundi wa redio, nyuma ya kioo, alirusha mikono juu kama anayezama. Hatukumsikiliza. Kila mara nafasi ile ilipokuja tulipiga, mpaka mwisho.

Mtangazaji akafungua simu, jasho linamtoka. Wa kwanza akawa mwanamume, anamsalimia shemeji yake, na anasema makofi yameharibu wimbo. Rábia alitaka kumjibu, nikamziba mdomo.

Ya pili ikaingia na mikwaruzo, kuku wanalia, mtu anahema.

"Karibu, unapiga kutoka wapi?" mtangazaji akauliza.

"Hivi nyie mlifikiri mimi nimekufa?"

Zainabo alinishika bega akanitia kucha.

"Mnasikia? Nimekaa huku ng'ambo ya Ruvuma, naambiwa Milamba haina mtu. Nikasikia wimbo kwenye redio ya muuza dagaa, nikarukaruka, nikasema wazima wale! Mara nafika kwangu, kimya. Mmenizika! Nikasema basi, kama wenzangu wamenizika nitawapigia niwaambie nini? Nikajililia mwenyewe. Siku ya pili nikapika wali nikala, nikasema huu wa arobaini yangu, niuwahi maana nani mwingine atanipikia." Hapo akaanza kucheka kicheko chake kile, kisha kikakatika. "Leo nimesikia makofi. Nimemnyang'anya mtu simu."

Rábia akaiinamia maikrofoni, "Muanaidi, mama yako anasikia."

Tukamsikia akiwafukuza kuku.

"Mama yupo?"

"Yuko Palma. Ameweka msiba wako."

"Mwambieni akunje mkeka," akasema. Tukamsikia anavuta pumzi, ndefu, ile ya tumboni, ya Bi Sifa. "Haya. Anzeni tena."

Tukakaza mabega. Zainabo akaanza, nimekuwekea wali, nimekuwekea mchuzi wa nazi. Mimi na Rábia tukaitika, nimekuwekea. Mikono yangu ikainuka. Nikaishusha, nikaikalia.

Simu za ng'ambo huchelewa kidogo. Tukamngoja.

"Usifunike, niko njiani."